Tulivyomuulizia Mkwe Australia

Mimi si mtu wa safari. Nafanya kazi katika ofisi ya kuchapa fomu iliyo chini ya jengo tunaloishi, hapa Al Baraha, na safari yangu ya kazini ni lifti. Ikiharibika nashuka ngazi, na nikifika chini najiona nimestahili likizo. Ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaokata mji, kule Bur Dubai, naenda kwa sababu mbili tu: msiba na kitambaa cha kanzu. Mke wangu husema kama mama asingenichukua tumboni alipotoka Unguja, Dubai ningeisikia redioni.

Kwa hiyo watu hucheka wakisikia kwamba kuna kitongoji kimoja kidogo huko kaskazini mwa Australia, upande wa joto na mvua na miwa, ninachokijua kuliko ninavyoujua mtaa wa nyuma ya jengo letu. Naijua mitaro yake. Najua maji yanapopita na yasipopita, na hili la yasipopita ndilo ninalotaka kulieleza.

Mambo yalianza kwa jino. Kijana mmoja, ambaye wazazi wake ni watu wa Pemba waliohamia Australia yeye akiwa mdogo, alipita Dubai kumsalimu shangazi yake anayekaa Karama. Jino likamuuma, akapelekwa zahanati, na binti yangu ndiye anayepokea wagonjwa kwenye zahanati ile. Jino liling'olewa siku moja. Kijana alirudi zahanati mara nne, na mara mbili akafika kwetu kutusalimu. Aliporudi kwao wakawa wanazungumza kwa simu, na miezi ikapita, hata shangazi mtu akaja kwetu na barua ya posa na halua, akasema watakuja kusikia jibu Ijumaa ya wiki ya tatu, baada ya sala ya alasiri.

Kisheria, walii wa kumwozesha binti yangu ni mimi. Nyumbani kwetu, walii ni mama yangu.

"Kijana mzuri," mama alisema mgeni alipoondoka, halua ikiwa bado mbele yake. "Asema na watu vizuri. Lakini tumemuulizia?"

Kuulizia kwetu ni kazi yenye kanuni zake. Mtu akileta posa, huendi kumuuliza yeye wala ndugu zake. Watuma mtu mtaani kwake akaulize kwa majirani. Mama anayo kanuni ya jirani wa tatu: wa kwanza ni rafiki wa mtu huyo, wa pili wamegombana kwa sababu ya ukuta au maji machafu, na wa tatu ndiye hana haja ya kusema uongo.

"Mama, huyu anakaa Australia," nikasema.

"Kwani Australia hakuna majirani?"

"Wapo, lakini..."

"Basi. Na usiende ukasema ni posa. Ukisema posa watu husifu tu, maana hakuna anayetaka kubeba dhambi ya kuvunja ndoa. Sema watafuta nyumba. Mtu akisikia watafuta nyumba mtaani kwake hukwambia kila kitu."

Mama alikuwa na ushahidi. Baba yangu alipomposa yeye, mtu wao alitumwa mtaani kwao Ng'ambo, Unguja, akijifanya anatafuta chumba cha kupanga. Jirani wa tatu akamwambia mema yote ya mama, kisha akampatia chumba kweli, na kwa kuona haya kukataa, yule mtu akakaa pale miezi sita.

"Nani ataulizia?" mke wangu akauliza, huku akinitazama.

"Nani mwingine?" mama akasema. "Si huyu asiyekwenda popote? Ana nafasi."

Nikachukua anwani kwenye barua ya posa, nikaanza na ramani ya kwenye simu, ile ambayo unaweza kushuka mpaka barabarani ukaona nyumba kwa picha. Wiki ya kwanza nilipita kitongoji kizima, njia kwa njia, nikiwa nimelala kwenye kochi na mto chini ya kichwa. Upande wa magharibi kuna mlima wenye msitu mzito, kijani mpaka juu. Upande wa mashariki kuna mto mpana wenye mikoko, na karibu na maji kuna kibao chenye picha ya mamba kinachokukataza kuoga. Katikati ndipo watu walipo, nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, na kati ya nyumba na mto ni mashamba ya miwa. Reli nyembamba, mfano wa kitu cha kuchezea, inakata kitongoji toka kusini hadi kaskazini, na juu yake hupita treni ya kubebea miwa.

Jioni nilikuwa nawakusanya watu wa nyumbani nikiwaonyesha.

"Mbona hakuna watu?" mke wangu akauliza. Yeye ni mtu wa Mombasa na mtaa usio na watu humtia shaka.

"Wako kazini."

"Wote? Hata paka?"

"Kule nyumba ziko mbalimbali, kila mtu na ua wake."

"Na duka liko wapi?"

Nikampeleka kwa kidole hadi dukani. Akahesabu njia tulizokata. "Mwanangu akitaka kitunguu," akasema, "atafunga safari."

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni akikunja nguo zake za kazi. Nilipopita na picha mbele ya nyumba ya kijana, alinyanyua macho. Nyumba ndogo, rangi ya buluu iliyochujuka, ngazi ya mbao, mpapai mmoja mbele, na uwanja ulio wazi mpaka barabarani.

Niseme ukweli, maana nimeshazeeka kiasi cha kuusema. Sikuwa naulizia kwa haki. Nilikuwa natafuta kasoro. Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee, na chai yangu ya jioni nakunywa naye, yeye akinisimulia wagonjwa waliomuuma daktari kidole. Kila nilipokiona kile kibao cha mamba nilikuwa nakipanua vizuri ili mama akione.

Wiki ya pili nikapata ukurasa ulioandikwa na wakaazi wanaotunza historia ya kitongoji, na chini yake nambari ya simu ya bibi mmoja anayehifadhi picha za zamani. Anwani yake ilikuwa njia ileile ya kijana. Nikahesabu nyumba. Ya tano.

"Ya tano si ya tatu," mama akasema, akafikiri. "Haya. Australia ni mbali, itafaa."

Jumatatu ya wiki ya tatu nikapiga saa moja asubuhi, kabla ya kushuka kazini. Kwao ilikuwa saa saba mchana. Sauti ya mwanamke mzee ikaitikia, nikajitambulisha kwa Kiingereza changu cha sekondari, kilichonyooka kama fomu, kwamba nipo Dubai na naulizia juu ya kitongoji chao.

"Uliza tu, mpenzi," akasema.

Niliangalia mlangoni kama mke wangu amesikia. Baadaye nikajua kule hata muuza mkate huitwa hivyo.

Bibi yule alikuwa bahari. Nilimuuliza swali moja akanipa saa nzima. Alizaliwa njia ileile, baba yake alikuwa dereva wa treni ya miwa. Kabla ya miwa, alisema, palikuwa pa wenyeji wa asili, na wapo hadi leo ingawa walisukumwa wakakae ng'ambo ya mto. Wao ndio waliokuwa na njia yao ya miguu juu ya kigongo cha ardhi, katikati ya mlima na mto, kwa sababu maji hayapandi pale. Wazungu walipofyeka msitu wapande miwa, waliwaleta watu wa visiwa vya Pasifiki wakakate, wengine kwa hadaa, wengine kwa nguvu. Na walipotaka kujenga reli, baada ya ile ya kwanza kuzama mara mbili karibu na mto, ndipo wakaijenga juu ya njia ya wenyeji.

"Baba alikuwa akisema reli yetu imechorwa na watu ambao hawakuulizwa," akasema. "Mafuriko makubwa yalikuja nikiwa msichana, yakachukua kuku wetu waliokuwa kwenye miwa na gari ya jirani iliyokuwa huko, lakini hayakuvuka reli. Mpaka leo hayajavuka."

Niliyaandika yote nyuma ya fomu mbovu. Nilipomsimulia mama jioni ile habari ya wakata miwa, alisema, "Kumbe na huko watu walipelekwa mashambani." Yeye ni mjukuu wa watu wa mashamba ya karafuu.

Lakini hiyo ni jioni. Asubuhi ile nilikuwa bado sijauliza nililotumwa. Nikasema, kwa kanuni za mama, kwamba nafikiria habari ya nyumba.

"Ah, unataka kununua," akasema.

"Labda. Kuna moja ya buluu, ina mpapai mbele."

Nikamsikia akiweka kikombe chini.

"Hiyo usiiguse," akasema, na ule upenzi wote ulikuwa umetoka. "Nguzo zake zimeliwa na mchwa. Na maji yakija, yanafika ngazi ya tatu."

"Na anayekaa humo?"

"Utapata tabu kumtoa. Ana mbwa wawili wakali. Wageni wanaingia na kutoka. Na alfajiri, kabla jua halijatoka, ni kelele."

Nikamshukuru nikakata. Nilikaa na simu mkononi, na kitu cha kwanza nilichokihisi, Mungu anisamehe, ni raha. Kasoro nilikuwa nayo mkononi, na sikuitunga mimi. Kisha nikaona aibu. Lakini raha ndiyo iliyotangulia, na sitasema vingine.

Mama alisikiliza habari ya mbwa na wageni na kelele mpaka mwisho, akajifuta mikono. "Khalas, yamekwisha," akasema. "Jirani kasema."

Binti yangu alikuwa anapiga pasi. Hakulia. Aligeuza shati upande wa pili akaendelea, kisha akauliza polepole, "Mbwa, Baba?"

"Wawili."

"Yeye anaogopa mbwa. Hapa chini alikuwa anavuka barabara akimwona yule wa mlinzi."

"Mtu huweza kukudanganya," mama akasema, kwa upole.

"Huweza," akajibu, akachomoa pasi ukutani akaenda chumbani kwake. Siku tatu zilizofuata alininywesha chai kama kawaida, na alinisimulia wagonjwa kama kawaida, ila alikuwa akiwasimulia kwa ufupi. Nikagundua kwamba mtoto anaweza kubaki nyumbani usimpate.

Alhamisi, siku moja kabla ya jibu, nilikuwa kazini sina mteja. Nikaifungua tena ramani, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofungua jokofu bila njaa. Nikaenda mpaka nyumba ya buluu. Uwanja ulikuwa wazi mpaka barabarani, kama nilivyouona mara mia. Hapakuwa na uzio. Nikajiuliza, mbwa wawili wakali hukaaje mahali pasipo na uzio? Wana adabu?

Nikarudi nyuma kwenye ramani nikaiona reli. Mto, miwa, reli, kisha nyumba ya buluu, kisha mlima. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya reli, upande wa mlimani. Nikaitoa ile fomu mbovu kwenye droo nikasoma mwandiko wangu: *hayajavuka hadi leo*. Basi hayo maji ya ngazi ya tatu yalifikaje? Kama maji yamefika ngazi ya tatu ya nyumba ile, historia yote aliyonipa bibi ni uongo. Na mtu hadanganyi juu ya reli ya baba yake.

Kwa hiyo alinidanganya juu ya nyumba. Nikakaa nikiwaza kwa nini, na polepole, kama mtu mwenye elimu ya sekondari anavyowaza, nikafika. Alisema nitapata tabu kumtoa anayekaa humo; basi nyumba ile ni ya kupanga. Mnunuzi akija, mpangaji huondoka.

Kwao ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Nikapiga.

"Bibi," nikasema, "mimi ndiye yule wa Dubai. Sitaki kununua nyumba. Sikuwahi kutaka. Nilikudanganya."

"Unataka nini basi?" Sauti ilikuwa kavu.

"Kijana anayekaa humo ameleta posa kwa binti yangu. Kwetu ikija posa, tunawauliza majirani. Na hatusemi sababu."

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Kwa hiyo yule msichana wa meno ni wako."

"Ni wangu."

"Ee Mungu wangu," akasema taratibu. "Na mimi nimemwekea mbwa wawili."

Alicheka mpaka akakohoa, akaenda kunywa maji, akarudi akacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Kisha akaniambia. Mwenye nyumba ile alikuwa anasema tangu mwaka jana kwamba akipata mteja atauza, na yeye bibi alikwisha wafukuza wanunuzi wawili kabla yangu, mmoja kwa mchwa na mmoja kwa nyoka. Hataki kijana ahame. Nyumba yake yeye ina ngazi kumi na nane na magoti yamekataa, na kijana humpandishia vitu vyake vya sokoni akisingizia kwamba anafanya mazoezi. Kabla ya mvua huchukua koleo akausafisha mtaro wa njia nzima, kazi ambayo si yake, akilalamika toka mwanzo hadi mwisho.

"Analalamika?" nikauliza, maana nilitumwa kuulizia, na kuulizia hakumaliziki kwa sifa.

"Sana. Na ni mbishi. Hukiri kosa kesho yake, si siku ileile. Na hajui kupika isipokuwa wali mmoja wenye nazi, anaouleta kila wiki kana kwamba sijawahi kuuonja."

"Na wageni wanaoingia na kutoka?"

"Mgeni ni mimi."

"Na kelele za alfajiri?"

"Hizo ni kweli kidogo. Anaamka kabla ya jua. Nasikia bomba la maji, halafu sauti yake, anasoma kitu chake cha dini. Madirisha yetu hayana vioo, na alfajiri njia yetu ni kimya, sauti inafika hata nyumba ya tano. Sasa nimezoea, asiposoma nadhani anaumwa." Kisha akauliza, "Binti yako akija, watakaa hapahapa?"

"Sijui, Bibi."

"Usimwambie kama nimeuliza."

Sikungoja lifti. Nilipanda ngazi, ghorofa nne, na mke wangu aliponiona nahema akadhani kuna msiba. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: reli, maji, uzio, mchwa, mtaro, ngazi kumi na nane. Nilimweleza na lile la raha niliyoihisi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha anza kusema ukweli na sikujua pa kuishia. Mama aliacha mchele.

"Hebu rudia," akasema. "Yule mwanamke si ndugu yake?"

"Si ndugu."

"Wala si Muislamu, wala si mtu wa kwetu?"

"Wala."

"Na alisema uongo wote ule ili kijana asihame?"

"Ndiyo, Mama."

Akarudi kwenye mchele, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Nimeulizia watu miaka hamsini," akasema. "Nimesikia majirani wakimsingizia mtu ili ahame. Sijasikia wakimsingizia ili abaki. Mpeni."

Mke wangu akanigeukia. "Na wewe ulifurahi?"

"Kidogo."

"Kidogo!" akasema, akanipiga bega kwa mwiko, si kwa nguvu. "Mie nililia chooni siku tatu nikidhani nimeiharibu mie na kitunguu changu."

Binti yetu alirudi kutoka kazini jioni. Sote watatu tulitaka kumwambia na hakuna aliyeanza, mpaka akasimama sebuleni na begi begani akitutazama mmoja mmoja. "Kafa nani?" akauliza.

"Hana mbwa," nikasema.

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akakaa palepale chini, karibu na viatu, akafunika uso kwa mtandio. Hapo ndipo alipolia, na mama akatukataza tusimguse, amalize.

Ijumaa shangazi mtu alikuja na wazee wawili kutoka Karama, wakala biriani, wakasikia jibu kwa mdomo wa mama. Mimi nilisema maneno mawili ya kisheria. Nilikuwa sijalala vizuri tangu Jumatatu, na mkao wa kungojea jibu lako mwenyewe huchosha. Wageni walipokwisha kwenda nilivua kofia nikajilaza kwenye kochi, na sikumbuki kama kichwa kiliufikia mto. Niliposhtuka, adhana ya magharibi ilikuwa inaingia dirishani, na binti yangu alikuwa amekaa mwisho wa kochi, miguu yangu ameisogeza, anakula biriani iliyobaki kwenye sinia.

"Leo kuna bwana kaja na meno ya bandia ya mkewe," akasema. "Kayavaa kimakosa. Anasema yanambana tangu asubuhi."

"Hakujua?"

"Ngoja nikueleze toka mwanzo," akasema, akanisogezea sinia.